Nafasi ya Muri

Mwezi Machi, kabla mbwa wa kwanza hajafunguliwa,
niliandika kwa kalamu ya wino, si ya risasi:
Nitapanga. Sitatafuta wastani.
Nikatia tarehe, nikampa Maimu karatasi
aifungie kabatini pamoja na dawa za minyoo.

Mbwa tisa, wazee, wa banda la nje ya Tartu.
Swali lenyewe dogo:
ukikaa karibu na kizimba wiki sita, ukisoma gazeti kwa sauti,
je, mbwa atakuja mapema zaidi
kwenye mkono wa mgeni?
Sekunde mia sita, kisha mlango unafungwa.

Profesa Rebane alitaka kengele.
Yeye huiona kengele kila mahali:
ule mkunjo mzuri, tumbo katikati, miguu miwili myembamba pembeni.
"Takwimu zako zivishe," akasema, "zitapendeza."
Lakini nguo ya kuazima haisitiri,
na mbwa tisa hawatoshi hata kuitundika kengele hiyo,
sembuse kuipiga.

Theluji ikawa tope. Nikasoma magazeti
(michezo, vifo, bei ya kuni; Polla alipenda vifo).
Tukapima tena.

Pontu, ambaye awali hakuja kabisa,
alikuja kwa sekunde kumi na nne.
Mia tano themanini na sita, zote zake peke yake!
Krants alipunguza ishirini. Naki kumi na moja.
Tuks nane. Polla na Pitsu tano tano.
Muki tatu.
Kraps alichelewa mbili kuliko mwanzo, akanigeuzia mgongo.
Na Muri alikaa pembeni mia sita za kwanza,
akakaa pembeni mia sita za pili,
kidevu juu ya saruji.

Wastani: sabini na kitu.
"Sabini!" Profesa akapiga meza.
Nikamuuliza, sabini za nani?
Hakuna mbwa hapa aliyepunguza sabini.
Ni mali ya Pontu iliyogawiwa maskini kwenye karatasi tu;
asubuhi wameamka na tatu zao, tano zao.
Na lile jaribio alipendalo, alipoliendesha,
lilipofushwa na Pontu huyohuyo, likasema: sioni kitu.

Wanasema kupanga ni kuchagua.
Mimi nilichagua kupanga.
Weka alama kando kwanza. Usiulize ni kiasi gani,
uliza nani yuko mbele ya nani.
Kraps wa kwanza kwa udogo, na alama yake ya kutoa.
Muki wa pili.
Polla na Pitsu wanagombea ya tatu na ya nne,
basi kila mmoja apewe tatu na nusu, wasing'atane.
Tuks, Naki, Krants.
Pontu wa nane. Nane tu, Pontu,
mbio zako zote hazikununulii ya tisa.

Sasa rudisha alama. Jumlisha.
Thelathini na tano upande huu,
moja upande wa pili.
Ukirusha sarafu moja kwa kila mbwa, mara nane,
zina njia mia mbili hamsini na sita za kuanguka,
na nne tu huegemea hivi au kuzidi.

Nane, nimesema. Umesikia?
Muri hayumo. Tofauti yake ni sifuri,
na sifuri haina alama, haina nafasi;
kanuni inamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu
na hesabu inaendelea vizuri bila yeye.
Kanuni hiyo niliijua tangu Machi. Niliiandika mimi, mstari wa nne.
Sikujua itakuwa na kidevu.

Profesa ametia sahihi, kwa shingo upande.
Maimu amenirudishia karatasi, inanuka dawa.
Leo Jumamosi, hakuna kinachopimwa,
saa nimeiacha kwenye droo.
Nimekaa karibu na kizimba cha mwisho
namsomea Muri bei ya kuni.
Sikio moja limegeuka. Labda upepo.
Silihesabu.