Hesabu ya Machi

Kijitabu cha watalii kiliahidi mengi:
mitumbwi ya kukodi, njia ya baiskeli kandokando ya ghuba,
chemchemi ya maji moto ya kulegeza viungo,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
ndege.

Mimi nilitaka mtumbwi. Ngaire alitaka ndege.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa
imenifunza pa kuegesha gari.

Tulikuta maji yamekupwa.
Tope tupu, la kijivu, likimetameta mpaka upeoni,
na huko mbali mstari wa kahawia
niliodhani ni mwani uliotemwa na bahari.
"Hao," akasema Ngaire, darubini haijashuka.
"Hao ndio wenyewe."

Kuaka.

Hapa hakuna anayewafuata. Unakaa juu ya tuta la makombe,
unakula pai ya kome inayounguza ulimi,
unasubiri bamvua.
Maji yatawasogeza yenyewe, hatua kwa hatua,
kama karani anavyosogeza foleni,
hadi uwaone midomo,
mirefu, imepinda juu kidogo,
sindano za kushonea magunia.

Ndipo akaja Tūroa na kiti chake cha plastiki.
Zamani aliendesha lori la maziwa;
sasa kila Machi huhesabu.
"Usiwahesabu mmoja mmoja, utachanganyikiwa.
Hesabu kumi. Ona kumi wana ukubwa gani.
Kisha kata kundi zima kwa kipimo hicho,
kama fundi anavyokata kitambaa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi hata saa mbili sikumaliza
nikawekewa kiganjani kidude cha chuma chenye kitufe,
maana dole gumba la Tūroa limeshikwa na baridi yabisi.
Yeye akitamka "kumi", mimi nabonyeza.
Tak.
Kumi. Tak.
Kumi.

Walikuwa wamenona, matumbo yananing'inia,
madume vifua vyekundu kama matofali mabichi ya mvua.
Hawakula. Walisimama wakiutazama upepo,
wote upande mmoja, kama abiria
waliokwisha kufunga mizigo na sasa hawana la kusema.
"Wanakwenda Alaska," alisema Tūroa,
kwa sauti ya mtu anayetaja duka la jirani.

Nilikuwa nimebonyeza mara mia moja na themanini na tatu
waliponyanyuka.
Hakuna aliyewatisha. Hakuna mbwa, hakuna mwewe.
Kikundi tu, kikapiga kelele, kikazunguka mara mbili juu yetu,
kikajipanga vibaya, kikajipanga tena,
pindo la nguo lililoshonwa na mtoto,
kikashika kaskazini.

Nikageuza kidude, nikatafuta kitufe cha kupunguza.
Juu hakuna. Chini hakuna.
Tūroa akachomoa penseli nyuma ya sikio.
"Hicho kinajua kujumlisha tu," akasema.
"Kutoa tunatoa kwa mkono."
Akaandika: sitini na wanne. Saa kumi na mbili kasorobo.
Upepo wa kusini.
Kisha akapiga chafya.

Ngaire hakusema neno.
Tangu Januari, Ruben alipokwenda kwenye migodi ya Kalgoorlie,
bado anamenya viazi vya watu watatu,
nami nakula sehemu ya mwanangu na kunenepa kimyakimya.

Wakati wa kuondoka duka la mitumbwi lilikuwa limefungwa,
mitumbwi imelazwa kifudifudi kwenye nyasi.
Chemchemi hatukuiona hata mvuke wake.

Usiku ule, kutoka sebuleni, nikasikia kisu kikisimama.
Nikasikia kiazi kimoja kikidondoka guniani.
Kimya.
Kisha akakichukua tena, akakimenya.
"Kikibaki," akasema, bila mimi kuuliza,
"kesho tutakikaanga."