Biti ya Hodi

Hull, barabara ya Holderness, Februari, mvua ya pembeni.
Nimepiga magoti nyuma ya sofa la mzee Cutsforth
nikipenyeza uzi wa kioo ukutani,
mwembamba kama unywele, mkaidi kushinda punda:
ukiukunja sana, mwanga unamwagika.

Yeye kasimama juu yangu, mkononi boksi
la rangi ya meno ya mvuta kiko.
Modemu. Elfu mbili na mia nne.
"Hii kwa hiyo yako," akauliza, "ni ngapi kwa ngapi?"
kama mtu aliyeleta benki noti zilizokwisha kufutwa.

Nikageuza fomu ya kazi, nikaandika mgongoni mwake.
Yangu, bwana, ni biti bilioni moja kwa sekunde.
Gawanya kwa elfu mbili na mia nne:
laki nne, elfu kumi na sita, mia sita sitini na sita,
na chenji.
Yaani modemu yako ikipiga hatua moja ya mguu,
uzi huu umeshatoka hapa, umefika London,
unatafuta pa kuegesha.

Akatikisa kichwa. Umesahau kitu, binti.
Zamani herufi haikusafiri uchi.
Biti nane zake, moja mbele, moja nyuma;
usigawanye kwa nane, gawanya kwa kumi.
Nikacheka peke yangu, maana kwetu Uvira
hiyo ya mbele tunaijua: ni hodi.
Ya nyuma ni haya, kwaheri.
Kila herufi, hata nukta, hata nafasi tupu,
ilibisha mlangoni kabla ya kuingia.

Ndipo akaanza habari za mwaka tisini na tatu.
Mjukuu kazaliwa Saskatoon. Picha, baiti elfu sabini na mbili,
kwa herufi mia mbili na arobaini kila sekunde:
dakika tano kamili, kama laini haikukohoa.
Lakini kwanza mashine mbili zisalimiane.
Zile kelele, unazikumbuka?
Sizikumbuki. Nilikuwa sijazaliwa.
Akaziigiza mwenyewe, meno ya bandia yakicheza:
mluzi, mkwaruzo, mvua juu ya bati.
Zinaulizana, akasema, wewe unaweza kasi gani?
Na mwenye mbio anapunguza, amngoje mzito.

Picha ikashuka mstari kwa mstari.
Ilipofika kwenye nyusi, Maureen akaenda kuweka birika.
Aliporudi na vikombe, mtoto ana pua.
Wakanywa chai wakingoja kidevu.
Kidevu cha nani? Changu, alisema Maureen,
na kikawa chake kweli.
Huu ni mwaka wa sita hayupo.

Kufumba na kufumbua kuna kipimo,
nilisoma mahali: kama theluthi ya sekunde.
Humo uzi huu unapitisha picha kama ile
mia tano na ushei,
na hakuna hata moja
inayompa mtu nafasi ya kuweka birika.

Sikumwambia hivyo.
Nilimwambia atie sahihi hapa, na hapa.

Nje, kibanda cha simu cha rangi ya maziwa, hakina simu.
Ndani ya gari nikafungua simu yangu.
Ujumbe wa sauti wa dada Mapendo,
dakika mbili, baiti mia mbili na arobaini elfu,
uliingia Jumatatu kabla sijapepesa jicho.
Leo Ijumaa.
Nikahesabu kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
lile boksi la mzee lingeuleta kwa sekunde elfu moja,
robo saa na ushei wa dakika.
Mimi, mwenye bilioni, niko siku ya nne.

Nikabonyeza.
Hodi huko, mwenye kazi nyingi. Umeamkaje? Baridi je?
Na goti? Na yule jirani wa mbwa, mlipatana?
Nusu nzima ya ujumbe ni salamu,
wala sikuusogeza mbele.