Chunjua la Punda wa Langoni

Punda wangu ni Matata,
mawe ya Manda huleta;
chunjua limemuota
kama kunazi, shingoni.

Bi Mwanashee kasema:
"Kisu hakina huruma.
Twanga matunguja vyema,
utie ufuta ndani."

Kwa kidole, taratibu,
nampaka, "Ya habibu,"
naye hutoa jawabu
la meno, mwangu begani.

Shekuwe huja kucheka:
"Bibi arusi wapaka!
Matofali yameshuka,
yakungoja bandarini."

Nalo langu la utoto,
chunjua gumu kokoto,
juma la sita, si ndoto,
likatoka kidoleni!

La Matata? Lipo kweli.
Limenywea, si kamili.
Natwanga chungu cha pili.
Matofali, ningojeni.