Jino Zima

Mwaka huu mikarafuu imezaa hadi matawi yanainama,
na wewe, Shaame, unaishia tawi la tatu.
"Jino," unasema, mkono kwenye taya.
Unachuma karafuu mbichi, unaitafuna,
unatema, unakaa jamvini,
shati limekulowa mgongoni
na jua la Piki bado halijapanda.

Siku ya pili, jino. Siku ya tatu, jino.
Ukipanda kilima cha kisimani linauma,
ukikaa linanyamaza.
Jino gani hili, nikauliza,
linalojua kilima?

Tukateremka Wete. Mng'oa meno akagonga moja moja
kwa kijichuma chake.
"Mzee, meno yako mazima."
Akakutazama tena, jasho lile,
akatuonesha mlango wa pili.

Daktari Raya alichora nyuma ya cheti
mfereji kwa kalamu ya buluu,
akautia wino pembeni, na pembeni tena,
hata pakabaki njia ya uzi.
"Damu inapita hapa," akasema.
"Ukipanda, moyo unaomba zaidi, na zaidi haipo.
Nao moyo ukilia, kilio hutokea popote:
begani, mkononi, kwenye taya."

Mimi nikautazama ule wino, nikaona samli.
Nikaona vitumbua vya alfajiri, ng'onda wa chumvi,
tui la kwanza, kila siku tui la kwanza,
maana mama alisema mume hapewi tui la pili.
Miaka thelathini na moja
nimekupenda kwa upawa.

"Si chakula tu," akasema, kama aliyenisikia.
"Sigara. Presha. Na baba yake alifaje?"

Baba yako alianguka mkarafuuni.
Ndivyo tulivyosema wote, matanga mazima.
Hakuna aliyeuliza
kwa nini aliliachia tawi.

Sasa kichupa kimo mfukoni mwa shati,
kidonge cha chini ya ulimi, kifua kikibana.
Jumatatu tunavuka Unguja kwa kipimo.
Vijana wanapanda, wewe unapima pishi
na kugombana na kila mtu.

Jana usiku uliukoroga mchuzi kwa kidole.
"Tui liko wapi?"
"Mnazi umegoma," nikasema.
Ukacheka, ukaligusa taya kwa mazoea.
"Haliumi."

Sikukujibu.
Nikakisogeza kichupa karibu na mto,
upande wako, kisha upande wangu.