Daftari la Watasema

Jina nilimpa mwenyewe, Watasema,
na kweli wamesema.

Usiku wa kwanza alianguka karibu na kinu,
miguu inakimbia, mwenyewe kalala,
povu, mkojo, meno yanagongana.
Nandonde akaja na mpini wa jembe:
"Kichaa hicho. Mmalize kabla hajamaliza watoto."
Mkewe akasema salfa, si tunapulizia mikorosho?
Mwingine akasema jini.
Newala hatukosi la kusema.

Nikakaa mlangoni hadi kukucha.
Asubuhi alinitambua. Akanywa maji, kopo zima.

Bwana mifugo wetu ni mwanamke, Somoe Chikoti.
Hakuuliza nani kamroga.
Aliuliza: dakika ngapi?
Kachanjwa lini? Alikula nini?
Alipoinuka, aligonga kuta kama kipofu?
Dakika sikuzijua. Nani huhesabu?

"Hesabu," akasema. "Mdomoni usimtie kijiko.
Sogeza kinu, zima redio.
Zikizidi tano nipigie, hata saa nane ya usiku.
Zisipozidi, kaa naye."

Basi daftari la kilo za korosho,
kurasa za nyuma ni zake:
Jumanne, saa tisa usiku, mbili na nusu.
Siku kumi na tisa, kimya.
Ijumaa, mbili. Jumamosi, moja,
akaamka anatafuta chakula.

Somoe alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.
"Kichaa kingekuwa kimeshamzika.
Na sumu haiendi ikarudi hivi.
Ni kifafa."

Nusu kidonge adhana ya alfajiri,
nusu adhana ya isha,
ndani ya tonge la ugali wa muhogo.
Usiruke siku. Ukikatisha ghafla
utakuwa umemwangusha wewe.
Wiki ya kwanza alipepesuka kama aliyelala kwenye uraka,
akala kama mgeni wa harusi.
Nandonde kasikia bei ya dawa, kacheka mpaka kakaa chini.

"Hii ni dawa ya mbwa?" nilimuuliza Somoe.
"Ya watu. Mbwa wanaazima."

Nikanyamaza.
Mdogo wangu Siwema alikuwa akianguka.
Tulimfukizia, tukamfunga hirizi,
wageni wakija tukamwingiza ndani,
mpaka siku aliyoangukia mafiga.
Hakuna aliyeandika dakika.

Leo usiku mguu wa Watasema umetikisika.
Nimewasha tochi, nimeanza: moja, mbili, tatu...
Ni ndoto tu. Anakimbiza ngedere.
Nimehesabu hadi mwisho, hata hivyo.