Hairudi

Barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
feni inasaga joto lilelile.
Juu ya kazi inayozima mashine
nimebandika alama: hairudi.

Kompaila yetu ikishaisoma, imeamini;
mistari inayofuata inaifyeka
bila kuuliza ni ya nani.
Ile nyingine, ya zamani, haiijui.
Nikaitungia makro:
ikifika kwake, alama iwe tupu,
ipite, isome kinachofuata
kana kwamba sikuandika neno.

Chini, mama anapakua wali.
Mwaka wa saba huu
tangu Mbelwa apande lori la saruji,
akatutupia funguo dirishani.
Mama nimemwambia. Shangazi kamwambia.
Hata polisi wa Chumbageni.
Anasema, "Haya,"
anafungua kabati.

Sahani tatu.
Tuko wawili.