Mbao Nane

Mwezi wa tatu, Dakota ya Kaskazini,
theluji bado imelala kivulini mwa ghala,
mbwa asiyetaka kufukuzwa.
Arvid akasukuma milango, akasema: Leo.
Hakusema leo nini.

Pikapu ni ya mwaka hamsini na moja, kijani kilichochujuka.
Baba aliinunua kwa pesa za viazisukari.
Sakafu ilipooza akaifunika bati,
na bati lilipooza akaiacha iwe chekeche:
ukipakia mahindi, unapanda barabara nzima.

Bolti za zamani zilikataa spana.
Tukazipaka mafuta, tukangoja, tukazipaka tena.
Ya tatu ilikatika shingo.
Ya nne Arvid akaitukana kwa Kinorwe,
lugha aliyobakiwa na matusi yake tu.
Nikacheka. Ndipo ikalegea.

Chini ya ukanda wa chuma nikakuta
punje za shayiri, nyeusi, ngumu kama risasi,
kibanio cha nywele cha Mama,
na msumari uliopinda, ukanyooshwa, ukapinda tena.
Huo ni wa Baba. Hakuna haja ya kuuliza.

Mbao mpya ni za mwaloni ulioangushwa na kimbunga
mwaka ule Karna alipoolewa.
Miaka mitano zimekauka darini, vijiti katikati yake,
Arvid akizigeuza kila kiangazi
jinsi unavyomgeuza mgonjwa asipate vidonda.
Sasa mikono yake ndiyo inayotetemeka.
Daktari wa Fargo ameupa mtetemo huo jina refu;
sisi tunauita "hii".
"Hii imeamka mapema leo," anasema,
na kunipa keekee.

Basi yeye anatia alama kwa penseli, mimi natoboa.
Penseli ikiruka, nukta inageuka unyoya,
nami natafuta katikati ya unyoya.
Tundu la saba limekwenda kombo.
Akaliangalia. Nikaliangalia.
"Bolti itaingia," nikasema.
"Itaingia," akasema, "lakini itajua."

Tukapaka mafuta ya kitani kwa kipande cha shuka kuukuu.
Mbao zikanywa. Tukalala.
Asubuhi zilikuwa na kiu tena.

Jirani yetu, Gaylen Osterhus, akaja na kahawa yake,
akalizunguka gari, akavua kofia.
"Hii sasa ni ya maonyesho," akasema.
"Msije mkaipakia kitu."
Arvid hakujibu. Akaenda nyuma ya ghala,
akarudi na jiwe,
moja ya yale ambayo shamba letu hutema kila masika
hata uliokote miaka sitini,
amelikumbatia kwa mikono ile ile,
akalibwaga ndani.

Mlio wa mti, si wa bati.
Mkwaruzo mweupe, urefu wa kidole,
ubao wa nne kutoka kushoto.
Gaylen akavaa kofia.

"Haya," akasema Arvid. "Sasa ni pikapu."
Akaenda kutafuta jiwe lingine.